Kona za Woodbury

Mimi sikuwahi kupenda mbio za magari. Kwetu Mombasa, Pasaka ikifika na magari ya mashindano yakipita barabara ya bara, vijana wenzangu walipanda malori kwenda kusimama juani na kula vumbi. Walirudi jioni sauti zimewakauka, bado wanabishana nani kapita mwanzo. Mimi nilibaki nyumbani nikala wali wangu. Niliwaambia kwamba mtu mzima anayezunguka kwa kasi kisha akarudi pale pale alipoanzia ana kasoro kichwani. Sasa Mungu naye ana mambo yake. Ndevu zimeingia mvi, niko Minnesota, Amerika, na kazi niliyopewa ni kumsugua mgongo dereva wa mbio mstaafu.

Hiyo ilikuwa katikati ya ile miaka ya elfu mbili na kumi. Kabla ya hapo nilikuwa Shakopee, kwenye ghala kubwa la kupakia mizigo, mimi na Wasomali na Waoromo na ndugu zetu wa Kongo. Niliacha kwa sababu moja. Nilikuwa chumba cha mapumziko, mkononi nina mkate, simu ikalia. Ndugu yangu alikuwa kando ya kitanda cha mama, kamwekea simu sikioni. Mama hakuwa na nguvu ya maneno mengi. Alisema, "Mwanangu, nimekuwia radhi, duniani na akhera. Nawe niwie radhi." Nikamwambia, "Niko radhi nawe, mama." Kesho yake wakamzika, nami makaratasi ya kusafiri sina. Nililia mbele ya watu nisiowajua, nikarudi kwenye mstari, nikamaliza shifti. Lakini tangu siku ile, kila nikiingia chumba kile mkate unanikwama. Nikaondoka, nikajiandikisha na ajensi ya kutunza wazee.

Naitanguliza habari ya mama ili ujue nilivyolelewa. Kwetu mtu haondoki hivi hivi. Anayesafiri, anayekwenda hija, anayekata roho, anatakana radhi na watu wake kwa mdomo, na wanaobaki wanamjibu kwa mdomo. Neno likishasemwa, msiba unabebeka. Neno langu mimi nilipewa kwa simu, nimesimama kando ya mashine ya soda, na ndilo lililonishika mpaka leo.

Ajensi ikanipeleka Woodbury. Ni mitaa mipya upande wa mashariki wa jiji, nyumba zote rangi moja, na barabara zimepindapinda bila sababu. Mto hamna, mlima hamna, barabara inazunguka tu kwa kiburi chake. Nyumba ilikuwa ya binti wa mzee, mwanamke wa makamo, hana mume wala mtoto, anafanya kazi za ofisini katika hospitali moja Minneapolis. Alinipokea koti keshalivaa. Akanionyesha dawa, akanionyesha bafu na kiti cha magurudumu, halafu akafungua kabati la juu akanionyesha funguo za gari.

"Hizi asizione," akaniambia. "Hata akikuomba vipi."

Mzee alikuwa amenyang'anywa leseni macho yalipoharibika. Mtu aliyekula kwa usukani maisha yake yote, sasa hana ruhusa ya kujiendesha kwenda kununua mkate.

Alikuwa mkali, nisiseme uongo. Siku ya kwanza alinifukuza kabla ya chai, akanifukuza tena baada ya chai. Nikamwambia nimeshafukuzwa na watu wakali kuliko yeye na bado niko. Akanitazama, akacheka kwa pua. Nilimwita Mzee, akaniuliza kama hilo ni tusi. Nikamwambia kwetu ni heshima. Akasema kwao heshima na uzee havifuatani. "Ndiyo maana mna baridi," nikamjibu, na kuanzia hapo tukaelewana.

Habari za kazi yake nilizipata bafuni, kidogo kidogo, maji ya moto yakimlainisha. Baba yake alikuwa fundi wa matrekta katika kijiji cha milimani huko Ujerumani, miaka ya njaa baada ya vita. Yeye akiwa kijana alichukua gari bovu la babake, akang'oa viti vyote ili liwe jepesi, akalipandisha mlima kwenye mashindano ya kwao akawapita watoto wa wenye viwanda. Hapo ndipo ilipoanza. Akaingia kwenye magari madogo ya kiti kimoja. Kisha timu ya kiwanda ikamchukua, akawa anashiriki zile mbio za kutwa kucha ambazo madereva wanapokezana gari moja mpaka jua linatua na kuchomoza tena. Bingwa hakuwa hata mwaka mmoja. "Nilikuwa dereva mzuri wa kumsaidia dereva bora," alisema, bila uchungu. Mkono wa kushoto uliungua, mguu ulivunjika, na wenzake kadhaa aliwazika. Nikamuuliza walikuwa wakiagana vipi asubuhi ya mbio, maana kila mmoja anajua huenda asirudi. Akasema hawakuagana. Ukimuaga mtu ni kama umemtabiria. Walipigana begani wakapanda magari yao.

Timu ilipomwacha kwa sababu ya umri, akaja Amerika. Akapata timu ndogo ya kuendeshea, akaoa mwanamke wa Wisconsin, wakazaa mwana, halafu binti. Mwana hapo mwanzo hakumtaja. Picha ya mke ilikuwa ukutani, marehemu, anatabasamu. Ya mwana haikuwapo popote.

Yule binti sikumwona akimkosea babake hata siku moja. Alipika supu, alimnunulia soksi nzuri za sufu, hakosi miadi ya daktari. Lakini walizungumza kama watu wanaosubiri basi kituo kimoja. Umelala vizuri? Nimelala. Umekunywa dawa? Nimekunywa. Hakumnyima babake kitu isipokuwa mazungumzo. Ndani ya nyumba ile nilikuwa nawasha redio ili nisikie mtu akisema.

Siku za kazi binti alitoka mapema. Jumamosi alikuwa nyumbani, na kila Jumamosi, baada ya kahawa, mzee alivaa kofia yake ya zamani, akamwambia, "Tutembee?" Binti alikuwa na nguo za kufua, au bili, au kichwa kinamuuma. "Leo siwezi, Papa. Nenda na huyu." Mzee akaitikia kwa kichwa, nami nikashika kiti tukatoka.

Nilidhani ni matembezi ya mzee, tuote jua turudi. Kumbe mwenzangu yuko kazini. Kila tukikaribia kona aliinua mkono nisimame. Anainama mbele mpaka nashika koti lake asianguke, anaitazama lami, na kwa kuwa macho yake yalikuwa yamefifia, ananiuliza mimi. "Unaona nini?" Naona barabara, Mzee. "Tazama vizuri." Nikitazama vizuri naona mchanga umekusanyika pembeni, au maji yamesimama, au kiraka cha lami mpya juu ya ile kuukuu. Anaridhika, tunasogea kona ya pili. Zote alizipa majina: Kona ya Mbwa, Kona ya Mjane, Kona ya Masanduku palipokuwa na masanduku ya barua yamepangwa. Majirani walitupungia mikono, wakidhani tumepotea.

Akanieleza kwamba hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi yake. Kabla ya mbio unaizunguka njia nzima kwa miguu, unaitazama kona moja baada ya nyingine. Ukiwa ndani ya gari unaona barabara ikishakufikia. Kwa miguu unaona kinachokungojea. "Wavivu wanazunguka kwa baiskeli," akasema kwa dharau. Nikamtania kwamba kwetu tulishasema haraka haraka haina baraka, basi angebaki tu kutembea asisumbuke na gari. Akasema aliyetunga hiyo hakuwa na mtu nyuma yake.

Jumamosi moja ya vuli, majani yamejaa njiani, tulisimama Kona ya Masanduku. Nikamwambia naona kiraka, kimelowa, kinang'aa. Aliinama akakitafuta mwenyewe kwa macho yake. Halafu akanieleza habari ya mwanawe.

Kijana alifuata nyayo za baba. Alikuwa na kipaji kuliko yeye, mzee alisema, na hilo alilisema akijipiga kifua polepole. Asubuhi ya mbio moja huko Wisconsin, manyunyu yanaanguka, baba alimwahidi wataitembea njia pamoja. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa keshazeeka kwenye mchezo, lakini alitaka mwaka mmoja zaidi. Mwaka mmoja tu. Watu wa kampuni ya matairi walikuwapo, wakamkaribisha kahawa hemani, akakaa nao akiomba mkataba. Binti, msichana wa shule, alitumwa na kakake kuja kumwita. "Papa, anakungoja." Akamwambia, dakika moja. Binti akarudi akampa kakake jibu hilo. Akaja tena kumwita. Dakika moja. Kijana alichoka kungoja, akaenda kuwasha gari. Kwenye kona ya nyuma kulikuwa na kiraka cha lami mpya, na lami mpya ikilowa huteleza. Mkataba mzee aliupata, na mwana akamzika. Hakushindana tena.

Nilisimama pale nimeshika kiti. Nililosema lilikuwa la ukali, maana mimi huzuni inanitoka kwa hasira. Nikamwambia, "Mzee, umekaa nyumba moja na mtoto huyu miaka yote na hujamwomba radhi?" Nikamweleza mambo yetu, radhi ni nini, mama alivyonipa kwenye simu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sisi hatusemi hivyo," akajibu. "Namwomba kila Jumamosi. Namwambia tutembee."

Nikapaza sauti. "Lakini yeye hajui kwamba unaomba!"

"Anajua. Yeye ndiye aliyekuja kuniita."

Nikamwambia basi nitamweleza mimi. Akageuza shingo akanitazama na macho yale mabovu. "Ukimwambia wewe," alisema, "utakuwa umeomba wewe." Akanishika mkono mpaka nikaahidi. Niliahidi kwa kinyongo, na nikarudi nyumbani kwangu siku hiyo nikamgombeza kila niliyemkuta.

Tangu hapo Jumamosi ikawa siku niliyoiogopa. Mzee anavaa kofia. "Tutembee?" Mimi nasimama mlangoni nikimwangalia binti, natamani nimsukume kwa macho. "Leo siwezi, Papa." Mara moja alinyanyuka, akachukua skafu, nikasema moyoni alhamdulillahi. Simu ikalia, wa ofisini kwake. Akatuashiria kwa mkono twende, atatufuata. Tulitembea polepole kupita kiasi, kila kona tukasimama mara mbili. Hakuja.

Theluji ikaanguka, kiti hakipiti. Mzee aliendelea kuuliza, kofia kichwani, na binti alicheka kwa upole akamwonyesha dirisha. Mwisho wa baridi mapafu yakamjaa maji. Wakamlaza hospitalini, nami nilikwenda kukaa naye ingawa ajensi hailipi ukiwa huko. Asubuhi ya mwisho binti alinipigia, yuko chini, anatafuta mahali pa kupaki, ghorofa zote zimejaa. Mzee alikuwa amelala chali. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukisukuma blanketi, polepole, kama alivyosukuma sakafu ya gari langu nikimpeleka dukani, kila nilipochelewa kufunga breki. Kisha ukaacha. Binti aliingia na tiketi ya maegesho mkononi.

Kwetu wanaume tukishasimama kumsalia maiti, mtu wa nyumbani kwake anatoka mbele. Anasema marehemu alikuwa binadamu, huenda amemkosea mtu, na anaomba asamehewe. Hata hajamaliza, watu wanaitikia kwa pamoja, "Tumemsamehe." Nimeitikia hivyo tangu utoto, kwa watu wema na kwa wezi. Sikujua kuna mazishi yasiyo na swali hilo.

Ya mzee yalifanyika katika ukumbi wenye zulia na mashine ya kahawa. Ubaoni walibandika picha zake, kijana mwembamba, kofia ya chuma mkononi. Walikuja majirani na wazee wachache wa mbio waliovaa kofia za timu zilizokwisha kufa. Walisimulia visa, watu wakacheka, nami nikakaa nimeinamisha kichwa kwa aibu ya kusikia kicheko mbele ya jeneza. Aliyekuwa akiongoza shughuli akauliza kama yupo mwingine anayetaka kusema neno. Nikaona swali halijaulizwa. Mwana hayupo, kaka hayupo, mwanamume wa nyumba ile ni mimi. Nikasimama.

Nikasema kwa Kiingereza changu, "Ndugu zangu, huyu aliyelala hapa alikuwa binadamu. Huenda alimkosea mtu, kwa kujua au kwa kutojua. Kama yuko mwenye kinyongo naye, tunamwombea msamaha. Mnamsamehe?"

Nikangoja. Mashine ya kahawa ilikoroma. Mzee mmoja wa mbio akatazama viatu vyake, mwanamke mmoja akanitabasamia akidhani kisa kinakuja. Mimi, mpumbavu wa watu, nikadhani hawakusikia. Nikauliza tena kwa sauti ya juu. "Mnamsamehe?"

Binti aliinuka kwenye kiti cha mbele akatoka nje.

Nilimkuta kwenye maegesho, hana koti, uso mweupe. "Nani alikwambia?" akaniuliza. Nikamweleza kwamba ni desturi, anaulizwa kila mtu, hata mimi nitaulizwa. Alinisikiliza, akatikisa kichwa.

"Hakuniomba hata siku moja," alisema. "Si kwa kaka yangu, si kwa lolote. Miaka yote hii, hata mara moja."

Ulimi ulikuwa tayari. Nikaufunga, kwa ahadi ya mtu aliyekuwa ndani ya sanduku nyuma yangu. Akarudi ndani kuwashukuru wageni.

Sikulala vizuri wiki ile. Niliwaza ahadi, nikawaza mama. Jumamosi nikaenda Woodbury kurudisha ufunguo wa mlango na kuchukua mkeka wangu wa kuswalia. Binti alifungua. Kofia ya mzee ilikuwa bado imetundikwa. Nikachukua mkeka, nikauweka chini tena.

"Njoo tutembee," nikamwambia. Sikumpa nafasi ya kutaja nguo za kufua.

Theluji iliyobaki ilikuwa nyeusi pembeni, maji yanatiririka kila mahali. Tulitoka mimi na yeye, na kila kona niliinua mkono tukasimama. Nikamwambia hii aliiita Kona ya Mbwa, ile Kona ya Mjane. Nikamwambia alikuwa akiniuliza naona nini. Alinifuata kama mtu anayemvumilia mgonjwa. Mpaka tulipofika kwenye masanduku ya barua.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

Akatazama. "Maji." Akatazama tena, na nikaona uso unabadilika. "Kiraka," akasema.

Hapo nikavunja ahadi. Nikamwambia yote: hema, kahawa, dakika moja. Nikamwambia kwamba babake alisema angeitembea njia siku ile angekiona. "Kwa hiyo alitembea hapa," nikasema. "Na kila Jumamosi alikuomba mtembee naye."

Alisimama bila kusogea. Gari lilipita, likatukwepa.

"Nilidhani anataka hewa," alisema.

Kwetu tunasema kataa neno, usikatae wito. Sikumwambia. Kuna methali aliyefiwa haambiwi. Nilisimama tu karibu naye, nikaona anatafuta pa kushika, akashika sanduku la barua la watu.

Baada ya muda akafuta uso kwa mkono wa sweta. "Lile swali lako," akasema. "Uliza tena."

Nikauliza tena, pale barabarani, viatu vyetu ndani ya maji. Nikauliza kwa Kiswahili kwanza, kwa sababu ndivyo linavyoulizwa, halafu kwa lugha yake. Akajibu. Alijibu kwa Kijerumani, lugha ambayo sikuwahi kumsikia akimjibu babake, na sikuhitaji kutafsiriwa. Wazee wetu wanasema radhi humfikia maiti. Mimi yangu niliipata mama akiwa hai, hata kama ilikuwa kwa simu, kwa hiyo sina ujuzi. Nilimwambia imemfikia.

Tukaumaliza mzunguko kona kwa kona, yeye akiitazama lami. Mimi nilikuwa nyuma yake kidogo, kwa mazoea, na mikono yangu haikujua pa kukaa.